Mavazi: Njoki wa Kuresoi

Nakuru,
9 Februari 2025

Kwako Tata Njoki, shangazi yangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye vumbi. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua, na yule ng'ombe wako mwenye jeuri ameuzwa au ametubu. Sisi tuko salama. Baba anasema mguu hauumi tena, kisha anapanda ngazi akihesabu kila kipandio kwa sauti ili tumsikie. Mama anakushukuru kwa viazi.

Barua hii nampa Kipketer akija sokoni na lori siku ya Jumatano, kwa sababu simu yako unaiwasha ukitaka kutuma pesa tu, na hata hapo ni mpaka upande kwenye tangi la maji kutafuta netiweki. Na ninaandika kwa Kiswahili kabla hujaniambia tena kwamba Kikuyu changu ni cha mtu anayetafuna changarawe.

Sasa maneno yenyewe. Tata, tunafanya opera.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao hakuna anayezungumza. Mtu akitaka maji ya kunywa, anaimba. Hii yetu imetoka Italia na ina karibu miaka mia tatu. Mwalimu Makhanu, yule anayeongoza kwaya yetu, aliipata bure kwenye mtandao kwa kuwa aliyeitunga alishakufa na hawezi kudai chochote. Maneno tumeyatafsiri mimi na yeye. Noti zote nimeziandika upya kwa solfa, maana wanakwaya wetu ukiwapa noti za mistari mitano wanakutazama kama umewaletea barua ya korti. Fidla nne tumeziazima shuleni ninakofundisha.

Hadithi ni hii. Kuna malkia mchawi anayeitwa Orisena, anaishi bondeni peke yake. Mwanajeshi anapita akirudi nyumbani kwa mchumba wake. Orisena anampenda papo hapo, analifunika bonde lote kwa ukungu ili asiione njia. Lakini kadiri anavyompenda ndivyo uchawi unavyomwishia na ukungu unavyokuwa mwepesi. Mwishowe jua linawaka, mwanajeshi anaiona barabara, anakwenda zake. Orisena anabaki akiimba kwa dakika kumi na moja.

Orisena ni mimi.

Mwanajeshi naye ni mwanajeshi wa kweli, Sajini Khisa wa kambi ya Gilgil. Ana mabega ya kubeba mlango, na anaimba soprano, kwa sababu zamani wimbo wa shujaa ulitungiwa sauti ya juu. Siku ya kwanza alipofungua mdomo tulicheka mpaka mazoezi yakavunjika. Sasa hacheki mtu. Ananishinda, na inaniuma.

Ombi langu ni moja lenye vichwa viwili. Nishonee gauni la Orisena, kisha uje Nakuru unione nikiwa nimelivaa, Jumamosi tarehe 23 Agosti, saa nane mchana. Tata, nina miaka ishirini na tisa na sijawahi kukuona ukitia mguu Nakuru. Hukuja nilipobatizwa, hukuja nilipofuzu ualimu. Sisi ndio hupanda huko kwako, na tukifika unatuwekea chupa ya chai mezani tujimiminie wenyewe kama tuko hotelini. Hayo nimeyazoea. Lakini hili nakuomba kwa moyo wangu wote.

Vipimo ni vilevile, isipokuwa kiuno, ambacho hatutakizungumzia.

Ni mimi binti yako msumbufu,
Tabby


Kuresoi,
3 Machi 2025

Kwa Tabitha,

Barua yako ilifika ikiwa na mafuta ya sambusa, kwa hiyo najua Kipketer alipata kiamsha kinywa. Kifua kimetulia. Ng'ombe hajauzwa wala hajatubu, na juma lililopita alimpiga teke daktari wa mifugo aliyekuja kumtibu. Mwambie baba yako ngazi hazihesabiwi, zinapandwa.

Nguo ya mchawi sishoni.

Nimeshona sare za kwaya kumi na mbili. Nimeshona gauni za arusi ambazo nyingine zimedumu kuliko ndoa zenyewe. Nimemshonea mchungaji kanzu mara tatu, kila mara ikiwa pana zaidi. Lakini mchawi, hapana, na usiniulize sababu. Kama mnaweza kubadilisha maneno, mfanyeni awe mkulima.

Tena mwambie huyo Mwitaliano wenu kwamba hakufikiri vizuri. Huyo mwanamke kama ana dawa kweli, mbona anaachwa? Mwenye dawa haachwi. Na kuhusu ukungu, sisi huku hatuhitaji mchawi. Unaingia wenyewe saa tisa mchana, na haujawahi kumzuia mtu kuondoka.

Nakuru siji. Kuna vumbi.

Hilo la kiuno, fundi asipozungumzia kiuno atazungumzia nini? Nitumie vipimo kamili. Ni kwa ajili ya sketi ya kanisa, usianze kufurahi.

Tata yako,
Njoki


Nakuru,
30 Machi 2025

Kwako Tata mpendwa,

Hujambo tena. Huku mvua imekuja na vumbi limekuwa matope, kwa hiyo ile sababu yako ya kutokuja imeoshwa. Baba amekubali kutembea na fimbo, ila anaiita mwavuli. Vipimo nimevifunga humu ndani, na kiuno nimekiandika kwa penseli kwa sababu bado nina matumaini nacho.

Tata, umetuokoa. Yale maneno yako nilimsomea Mwalimu Makhanu wakati wa mapumziko. Akaweka penseli chini. Akaniambia, "Tabby, soma tena hiyo, pole pole." Nikasoma. Akaenda kwenye kinanda, akapiga ule wimbo wa mwisho ambao ulikuwa umetushinda kutafsiri kwa wiki tatu, na maneno yako yakaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Kwa hiyo wimbo wa Orisena sasa unaanza hivi: Kama nina dawa, mbona waniacha?

Nyimbo za wakati ule zina desturi moja. Unaimba sehemu ya kwanza, unaimba ya pili, kisha lazima urudi mwanzo uimbe ya kwanza tena, maneno yaleyale, lakini sasa unayapamba kwa sababu yamekwisha kukuingia. Kwa hiyo watu watayasikia maneno yako mara mbili, na wasiyasahau.

Kuhusu gauni, Makhanu anasema usiposhona wewe atanivisha joho jeusi na mkufu wa mifupa ya kuku. Kuku tayari ameliwa. Mimi sitaki. Orisena si mtu mbaya. Ni mtu aliyempenda mtu, halafu akabaki peke yake bondeni na jina baya. Nilidhani wewe kuliko wote ungemwelewa, ingawa sijui kwa nini nilidhani hivyo.

Natumaini sketi ya kanisa inaendelea vizuri.

Binti yako,
Tabby


Kuresoi,
9 Juni 2025

Kwa Tabitha,

Usiseme nimekaa kimya kwa hasira. Kulikuwa na kupanda, kisha mvua ikakata barabara, na lori la Kipketer likalala siku tisa chini ya kilima huku yeye akila kwa zamu katika kila nyumba ya jirani. Mimi ni mzima. Ng'ombe amezaa ndama anayefanana naye kwa tabia.

Ndani ya gunia hili, chini ya viazi, kuna karatasi ya nailoni. Ndani ya nailoni kuna gauni. Osha mikono kabla ya kulishika.

Nilikuwa nimesimama shambani viazi vikiwa vimechanua, ile rangi ambayo si nyeupe na si zambarau, nikasema hii ndiyo. Nimezunguka maduka ya Molo siku mbili kutafuta kitambaa kinachokaribia. Pindo lina mshono mara mbili kwa sababu najua unavyotembea. Kiunoni nimeacha nafasi, penseli yako haikunidanganya. Na nimetia mifuko miwili. Mwanamke anayekaa peke yake anahitaji mifuko.

Sikumshonea mchawi. Nimemshonea mwanamke aliyeachwa. Mifupa ya kuku nikiisikia tena nitakuja mwenyewe kulichukua gauni langu, na hapo ndipo utaniona Nakuru.

Kuja kwa sababu nyingine siji.

Tata yako,
Njoki


Nakuru,
6 Julai 2025

Kwako Tata,

Shikamoo ya kupiga magoti, na nimeosha mikono.

Nililivaa mbele ya kwaya nzima. Sajini Khisa akasema, "Aki Tabby, na vile umependeza hivyo, mimi naenda wapi na hiyo barabara?" Makhanu ikabidi amkumbushe kwamba asipokwenda hakuna mwisho. Mifuko yako imenifundisha kuigiza, maana sikuwa najua mikono niiweke wapi. Asante, Tata. Nililia kidogo, mbali na kitambaa.

Baba na mama wazima. Sasa kuna jambo lingine, na bora ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa Kipketer, ambaye amekwisha kuliona.

Tulitengeneza mabango, Makhanu akayachora. Juu ameandika kwa herufi kubwa MCHAWI WA MAPENZI. Chini akaweka nambari yangu ya simu kwa wanaotaka tiketi. Katikati tukataka kukushukuru, tukaandika mavazi yameshonwa na nani. Sikukuuliza, na nilipaswa kukuuliza. Neno "mavazi" lilitoka dogo mno, huwezi kuliona ukiwa umesimama. Jina lako lilitoka kubwa. Halafu vijana waliolipwa kuyabandika wakayabandika kwenye nguzo za umeme, pale pale penye matangazo ya waganga wanaorudisha wapenzi. Kwa hiyo mtu akipita anasoma: MCHAWI WA MAPENZI. NJOKI WA KURESOI. PIGA SIMU.

Tata, wanapiga.

Wa kwanza: "Hallo, naongea na Njoki wa Kuresoi?"

Nikamwambia hapana, mimi nauza tiketi.

"Sawa sawa. Tiketi ya kuona daktari ni how much?"

Kijana mwingine: "Niaje. Hii dawa yako inafanya kazi kwa simu ama lazima nikuje?"

Na mama mmoja wa Njoro: "Bwana yangu ameenda na msichana wa salon. Unaweza rudisha yeye before mwisho wa mwezi? Na kama yeye ni ngumu, rudisha tu TV."

Nimewaeleza mpaka sauti inanikauka, na Makhanu ananikataza kuichosha. Tulicheka sana, nakiri. Lakini jana usiku nilifikiria jina lako juu ya nguzo na sikucheka tena.

Kuna mzee mmoja naye alipiga. Huyo nitakueleza siku nyingine.

Nisamehe,
Tabby


Kuresoi,
9 Julai 2025

Tabitha,

Toa jina langu kwenye hayo mabango. Yote.

Njoki


Nakuru,
14 Julai 2025

Tata,

Yametoka. Sajini Khisa alikuja na wenzake wawili siku yao ya mapumziko, tukazunguka na ndoo ya maji na visu vya jikoni kuanzia stendi mpaka kota za reli. Mabango mia moja na kumi na manne. Moja lilikataa kubanduka, tukaliwekea lingine juu linalosema MWANAMKE WA BONDENI, ndilo jina jipya la opera. Neno mchawi halimo. Kipketer ni shahidi wangu, alishika ndoo.

Tangu nije ulimwenguni hujawahi kuniandikia bila salamu. Nimeisoma ile barua yako ya mstari mmoja mara nyingi kuliko zile ndefu. Sijui nimekanyaga wapi, lakini nimekanyaga, na naumia kwa ajili yako.

Sasa yule mzee. Nilitaka kukuficha, lakini kukuficha ndiko kulikonifikisha hapa.

Alipiga saa nne asubuhi. Akauliza, "Huyu Njoki ni Njoki gani?"

Nikamwambia kama nilivyowaambia wengine: ni shangazi yangu, ni fundi wa nguo, si mganga.

Akasema, "Najua si mganga."

Kisha: "Alikuwa anashona karibu na kota za reli? Chumba iko na dirisha ya green?"

Sikujua. Nikamwuliza yeye ni nani.

"Mimi naitwa Ogola. Nilikuwa reli. Mwambie tu Ogola amesalimia. Kama hataki salamu, basi usimwambie."

Akanunua tiketi moja, ya mtu mmoja. Alisema mkewe alifariki miaka sita iliyopita na sasa anakaa kwa binti yake, hapahapa Nakuru.

Tata, Ogola ni nani?

Tabby


Kuresoi,
4 Agosti 2025

Kwa Tabitha binti yangu,

Salamu kwanza, ili usiseme. Viazi vimekuwa vizuri mwaka huu. Ndama amejifunza teke. Wasalimie wazazi wako, na baba yako unaweza kumwonyesha barua hii akikuuliza kwa nini unamtazama hivyo, maana yeye anajua nusu.

Mwaka wa elfu moja mia tisa na tisini nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa na cherehani moja katika chumba chenye dirisha la kijani karibu na kota za reli. Ogola alikuwa fundi katika karakana yao. Alileta suruali nimkunjie pindo. Nikaikunja. Baada ya siku nne akairudisha, pindo limefumuka. Nikashona. Akairudisha mara ya tatu. Nikautazama uzi, nikaona umekatwa kwa wembe. Nikamwambia, wewe kama unataka kuzungumza, zungumza, suruali haina makosa. Ndivyo tulivyoanza.

Mwisho wa mwaka akasema atanioa. Alikuwa ameacha kwenda kwao kila mwisho wa mwezi, basi mama yake, Mama Adero, akapanda treni akaja kuona ni nini kilichomshika mwanawe. Nilipika chai nyumbani kwangu, nikaibeba mpaka kota, nikamiminia kila mtu kwa mkono wangu, mgeni na majirani waliokuja kumsalimu. Mama Adero akakitazama kikombe chake. Akatoka nacho mlangoni, akakimwaga chini mbele ya watu wote. Akasema, "Huyu ni mchawi. Amelisha mtoto wangu dawa."

Ogola alikuwa na kikombe mkononi. Alikitazama. Kisha akakiweka chini.

Kesho yake watoto waliniita mchawi kwenye bomba la maji, na juma lililofuata nikapakia cherehani nikapanda huku kwenye shamba la babu yako. Mama Adero simlaumu, alikuwa anaogopa. Mimi kinachoniuma ni kile kikombe alichokiweka Ogola chini.

Tangu siku hiyo sijammiminia mtu chai. Naweka chupa, naweka vikombe, nakunywa wa kwanza watu waone, kisha kila mtu anajimiminia. Nyinyi mlidhani ni jeuri. Niliwaacha mdhani hivyo. Jeuri ni jina zuri zaidi.

Sasa unajua kwa nini jina langu lilipokaa kwenye nguzo chini ya neno lile sikuweza kuandika salamu. Sikukukasirikia wewe. Niliogopa, kama msichana.

Huyo mzee usimwambie kitu. Tarehe 23 ninavuna.

Tata yako,
Njoki


Nakuru,
25 Agosti 2025

Kwako Tata yangu,

Salamu ni nyingi lakini leo zitasubiri mlangoni.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama. Nusu yao bado walidhani wamekuja kutibiwa. Yule mama wa Njoro alikuja na picha ya mumewe kwenye mkoba, akakaa mstari wa mbele, na mwanajeshi alipoanza kutafuta njia ya kutoka akapaza sauti, "Mfungie mlango!" Kinanda kiligoma mara moja, fidla zikakibeba. Khisa aliimba hata wachuuzi wa njugu wakaacha kuuza.

Halafu ukungu ukaisha, Khisa akaondoka, nikabaki peke yangu jukwaani na gauni lako. Nikatia mikono mifukoni. Nikainua macho ili nianze.

Tata, nilikuona. Nyuma kabisa karibu na mlango, na kofia yako ya kanisa, Kipketer kando yako amevua yake.

Sijui niliimbaje sehemu ya kwanza. Kama nina dawa, mbona waniacha? Ya pili ikapita. Kisha wimbo ukarudi mwanzo, na Makhanu alikuwa amenifundisha mapambo kumi na mawili ya kuweka hapo, sauti ipande, izunguke, ishuke. Sikuweka hata moja. Niliyaimba maneno yako kama ulivyoyaandika, nikikutazama wewe. Makhanu amenisamehe. Anasema ndivyo yalivyopaswa kuwa, na kwamba wazo lilikuwa lake.

Mzee Ogola alikuwa mstari wa tatu, kwenye kiti cha tiketi niliyomwuzia, ndani ya koti zito, joto lote lile. Watu waliposimama kupiga makofi yeye hakusimama. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilipomaliza kuinama na kuangalia tena, kiti chake kilikuwa wazi, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilikimbia nje na gauni. Lori lilikuwa limeondoka. Jana nimempigia Kipketer simu kumwuliza, anasema hajui lolote, na Kipketer hajawahi kutojua lolote. Tata, mlionana? Niambie, au niambie kwamba hutaki kuniambia.

Vyovyote ilivyokuwa, ulikuja. Sitaki zawadi nyingine mwaka huu.

Tabby


Kuresoi,
8 Septemba 2025

Kwa Tabitha mwimbaji,

Nakusalimu, na wote walio hapo nawasalimu. Ng'ombe hatimaye ameuzwa. Aliyemnunua amerudi mara mbili kulalamika, na mara zote mbili sikuwa nyumbani, nilikuwa nyuma ya ghala.

Nilikuja kwa sababu Kipketer alisema kuna nafasi mbele na viazi vilikuwa vyangu, basi nikaona nivisindikize. Pindo lilikaa vizuri. Bega la kushoto linavuta, lete nilirekebishe. Mlionitoza njugu kwa bei ile, aibu iwe yenu. Ulipotia mikono mifukoni nilifurahi kama nimeshinda kitu.

Ulipoanza wimbo nilikasirika. Nilijisemea, huyu mtoto ameniibia maneno na sasa anayatangaza kwa watu mia tatu. Ulipoyarudia, nililia. Nilikuwa nimeyasema miaka thelathini na mitano kichwani, na sikuwahi kuyasikia yakitoka kwa sauti.

Nilitoka mapema nisikutane na mtu, nikapanda lori. Alinifuata, kofia mkononi, akasimama chini ya mlango. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Akasema, "Njoki. Ile kikombe nilikiweka chini. Kila siku nakiona." Nilimwambia Kipketer awashe gari. Ndiyo maana anasema hajui lolote, nilimwapisha.

Jumamosi iliyopita, saa tisa, ukungu ulikuwa umekwisha kuingia na sioni hata lango. Nikasikia mtu anapiga hodi. Ni yeye, na viatu vya mjini vimejaa matope mpaka vifundoni. Chini ya kwapa ana karatasi. Akaifungua, ndani mna suruali. Akasema pindo limefumuka.

Nimeshona miaka arobaini, Tabitha. Najua uzi uliofumuka na uzi uliokatwa kwa wembe.

Usicheke, na usianze kuniletea habari za gauni la arusi. Ana miaka sitini na mbili na anakoroma akiwa macho. Wale wanaokupigia simu bado, waambie mpenzi anarudi, lakini wajiandae kusubiri.

Nilimkaribisha ndani. Nikaweka chupa mezani, nikaweka vikombe, nikajimiminia na kunywa wa kwanza kama kawaida yangu. Yeye hakuishika chupa. Alikaa na mikono juu ya magoti, ananitazama. Nikamwambia, "Chai ni hiyo." Akasema, "Naiona." Akaendelea kukaa. Saa ya ukutani ilipiga nusu. Nilishona pindo lote, nikakata uzi kwa meno, na bado amekaa.

Basi nikainuka, nikaishika chupa. Nikamimina, nyingine ikamwagikia sahani. Alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa ikiwa moto, bila kukitoa mdomoni, mpaka nikaona kitako cha kikombe. Machozi yalimtoka, na sitasema kama ni ya chai.

Kisha akaninyooshea kikombe, nikamwongezea.

Tata yako,
Njoki